Anabebwa Huyo

Kuna neno moja la chuo ambalo mpaka leo nikilisikia linanikaa vibaya, kubebwa. Kama hukusoma vyuo vya Dar ngoja nikufungulie kidogo. Kwanza kuna kubebana kwa hosteli, yani wewe umepata kitanda, mwenzako kakosa, unamchukua kimya kimya mnalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, mpaka semista iishe, huyo mwenzako ndo anaitwa bebwa. Pili kuna kubebwa kwa maksi, huyo ni yule ambaye watu wameshakubaliana kwamba hakustahili kuwepo, kapita kwa huruma, au kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu ana mjomba mahali. Halafu kuna kubebwa kwenyewe sasa, kule kwa mikono, miguu haigusi chini. Mi darasani kwetu nilishuhudia zote tatu, na kuna mtu mmoja alikuwa katikati ya zote.

Tulimwita Mwenyekiti. Hakuna uchaguzi uliofanyika, cheo alijipa mwenyewe wiki ya kwanza tulipokuwa tunajitambulisha, akasukuma kiti mwendo chake mpaka mbele akasema "mimi ndo mwenye kiti, nyie wote wajumbe", darasa zima likacheka na jina likaganda hapo hapo. Katokea Nzega, alianguka kwenye mwembe akiwa darasa la sita, kuanzia hapo miguu ikawa haina habari naye. Shule zote kasoma za serikali, hesabu alikuwa noma, yani unahangaika na swali kwenye kimbweta, zile meza za zege za kusomea nje, dakika arobaini yeye anapita anakuambia umekosea mstari wa tatu. Tulikuwa tunasoma uhandisi wa ujenzi, tuliingia 2014, darasa la watu sabini na kitu, wasichana tisa. Chuo sikitaji, kipo hapa hapa Dar na kwa nje ukikiona utakipenda.

Mimi nilikuwa CR, yani mwakilishi wa darasa. Nitarudi baadaye kwa nini walinichagua mimi.

Sasa vipindi vyetu vingi vilikuwa ghorofa ya pili. Ngazi arobaini na nne, nimezihesabu zaidi ya mara moja. Lifti haikuwepo, na hata nafasi ya kuiweka mchoraji hakuwahi kuifikiria. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa hivi, wanaume wanne, wawili wanashika mishikio ya nyuma, wawili wanashika vyuma vya mbele juu ya vile vigurudumu vidogo, yeye anafunga breki, begi analipakata, simu anaing'ata kwa meno. Na kiti hakipandi kikiangalia mbele, kinapanda kinyumenyume, kwa hiyo njia nzima uso wake ulikuwa unawaangalia watu walioko chini wanaomwangalia. Wapo waliopisha, wapo waliotoa simu wakarekodi, na kulikuwa na mama mmoja wa usafi kila asubuhi anasimamisha deki yake anasema "Mungu awabariki wanangu". Siku moja Mwenyekiti akiwa hewani pale kati ya ngazi ya kumi na ya kumi na moja akasema, "Baraka zote mnachukua nyie, mi naambulia vumbi."

Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana kwa kweli, na mi nikapiga picha moja ya wale jamaa wanne wamembeba, jasho linawatoka, nikaiweka na maneno ya umoja ni nguvu, laiki zikaja kama mvua ya masika. Ile picha nimeshaifuta ila najua ipo kwenye simu za watu.

Kitu ambacho sikukijua karibu mwaka mzima ni hiki. Kulikuwa na joto lile la Februari la Dar, lile la kukufanya unuke jasho ukiwa umetoka kuoga, nikamnunulia juisi ya miwa pale getini. Akaishika. Tukaongea weee, barafu ikayeyuka, glasi inatoa jasho mkononi, hajanywa hata funda. Nikamuuliza vipi haina ndimu au? Akasema "mi sinywi kitu kabla ya saa kumi, CR." Nikadhani mambo ya dini. Kumbe choo. Mlango wa choo cha jengo letu ukifunguka wote ulikuwa unaacha uwazi wa sentimita 62, na kiti chake kwa upana ni sentimita 66. Tulikuja kupima wenyewe na tepu mwaka wa tatu tukiwa tumeshakuwa wajuaji wa vipimo. Sentimita nne ndo zilikuwa zinamnyima mtu chai ya asubuhi, maji ya mchana, na juisi yangu ya miwa.

Haya, sasa niseme la kwangu.

Ilikuwa mwaka wa kwanza huo huo, semista ya pili, Jumatano. Siku hiyo tulikuwa na bahati ya kipindi cha chini, chumba cha usawa wa ardhi, ila projekta ikafa. Dokta akanipigia, "CR, hamishia watu juu." Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp, nakumbuka mpaka herufi, "Venyu imebadilika twende juu chap kuna kwizi." Watu wakakimbilia viti vya mbele. Kila mmoja wa wale wanne akajua wenzake wapo naye, na mimi sikujua chochote kwa sababu sikumfikiria kabisa, wala siyo kwamba nilisahau, unasahau kitu ambacho kilikuwa kichwani. Kwizi ikapigwa, maksi tano, dokta akafundisha, akatoa utani wake mmoja tukavunjika mbavu, saa moja na nusu hiyo.

Nashuka namkuta chini ya ngazi, kitabu kafungua mapajani, ukurasa ule ule.

"Mwenyekiti, pole jamani, mbona hukupiga simu?"

"Nilipiga. Mlikuwa mmezima."

Nikawa nimesimama tu. Akafunga kitabu, akasema, "Nilikuwa nawasikia mnacheka."

Nilienda ofisini kwa dokta siku hiyo hiyo. Shikamoo dokta, marahaba CR, nikaeleza, nikaomba jamaa arudie kwizi peke yake, dakika kumi na tano tu. Dokta siyo mtu mbaya, nisimchore vibaya, akakuna kidevu akaniambia, "Nikimfungulia yeye peke yake kesho nyie nyie mtakuja kusema anabebwa." Na mi nikanyamaza, maana nilijua ni kweli wangesema. Ile sifuri chini ya tano ilibaki kwenye kozi weki mpaka mwisho.

Fikiria hiyo sentensi lakini. Mtu ambaye kila siku anapandishwa ngazi na watu wanne, siku waliyomwacha chini ndo anaogopewa asije akabebwa.

Hilo neno mimi pia nimekula nalo. Wasichana tisa kwenye uhandisi, ukifaulu umebebwa, ukifeli si unaona, waliwabeba. Kuna vyuo viliweka utaratibu wa kuwanoa kwanza wasichana wa sayansi kabla hawajaanza mwaka wa kwanza, na jamaa wakisikia hivyo basi wanawake wote wa darasa wanaingizwa kwenye kapu hilo hata ambao hawajui hiyo programu inafanyikia wapi. Mtu akatengeneza picha ya kurusha WhatsApp, twiga kambeba mtoto mgongoni, imeandikwa jina la kozi yetu na neno moja tu, KE. Ilizunguka miezi. Hatukujua nani kaitengeneza.

Nilimwonyesha shangazi yangu, yeye kasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80. Akaitazama ile picha muda mrefu akasema, "Kumbe Mzee Punch kanunua smatifoni." Wa umri wangu wengi hawamjui huyo mzee. Hakuwa mtu, zilikuwa karatasi za kubandikwa ukutani usiku, michoro na matusi, na walioandamwa zaidi walikuwa wasichana, na ukishapanchiwa watu wanakuepuka maana anayekusemesha naye anaweza kuwa ndo habari ya kesho. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo, na hiyo ndo ikatikisa chuo na nchi. Shangazi akihadithia hapo huwa anapunguza sauti kana kwamba kuna mtu dirishani. Akaniambia na kitu kingine ambacho sikukijua, kwamba lile Azimio la Musoma la 1974 liliweka kwamba ukimaliza form six hupandi chuo moja kwa moja, unafanya kazi kwanza ndo uje, na wasichana wakapungua chuoni, maana mwanamke ukishaajiriwa miaka miwili hapo katikati kuna kuolewa na kuzaa, ikabidi baadaye waachiwe wapite bila kungoja. "Na hao nao waliitwa wamebebwa," akasema. "Ila lile azimio lililowazuia hakuna aliyesema limewabeba wanaume."

Sasa nirudi kwa nini mimi nilikuwa CR. Kiingereza. Hakuna kingine. Nimesoma inglishi midiamu toka chekechea, nyumbani Sinza, baba kaninunulia laptopu kabla hata matokeo ya form six hayajatoka, mama anapika, ikifika wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, narudi nyumbani nalala chumba changu peke yangu na feni. Siku ya kuchagua CR niliongea dakika mbili kwa Kiingereza cha puani nikapigiwa makofi. Mwenyekiti naye aligombea, akaongea Kiingereza chake cha shule za kata, akakwama kwenye neno moja, watu wakaguna, na mi niliguna.

Sera ya Elimu ya 2014, mwaka ule ule tulioingia, iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, na Kiingereza nacho kiimarishwe. Sisi darasani tulikuwa na utaratibu wetu, dokta anafundisha kwa Kiingereza, anaona macho yamekufa, anaweka chaki chini anasema "sikilizeni, yani hii boriti ikibebeshwa mzigo hapa katikati tumbo lake la chini ndo linavutika", na watu wote aaaah. Mtihani ukija unakuja kwa Kiingereza. Mwenyekiti alikuwa anapiga hesabu zote sahihi halafu anapoteza maksi kwenye "eleza kwa maneno yako". Mimi hesabu nilikuwa nababaisha, maelezo yananiokoa. GPA zetu zilikuja kupishana kwa pointi ndogo sana na hakuna hata siku moja mtu aliniambia mimi nimebebwa na ada ya shule ya msingi.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake wa kijiji chenye njaa, wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa mtu mmoja ale apate nguvu akawatafutie wengine mbali, na huyo mtu akishiba asirudi basi ni msaliti. Alikuwa anawasema wasomi. Mwezi Oktoba 1966 wanachuo walipoandamana na majoho yao kugomea JKT aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akajikata na yeye mshahara wake. Unaweza kumlaumu kwa ukali wake, mi mwenyewe sijui ningefanyaje ningekuwa mzazi wa mmoja wao. Ila kwenye ule mfano kila aliyeingia chuo kapakiwa mgongoni na watu ambao hawajawahi kuona hata geti la chuo.

Halafu ngoja nikuambie kitu cha hosteli. Mwenyekiti kwa sababu ya hali yake alikuwa anapewa chumba cha chini bila kugombania, na mkopo alipata, bumu, yani ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa 8,500 kwa siku, siku hizi wameongeza imefika 10,000. Watu walikuwa wanamwonea wivu kwa hicho chumba, naapa, mtu ana miguu miwili anamwonea wivu. Na kwenye hicho kitanda kimoja cha futi mbili na nusu alimbeba jamaa mmoja wa Mtwara aliyekosa hosteli na mkopo vyote viwili. Mwaka mzima. Chakula wanachangia sahani moja ya wali maharage. Huyo jamaa wa Mtwara ndo alikuwa mmoja wa wale wanne, kushoto nyuma. Kwa hiyo asubuhi Mtwara anambeba Nzega ngazi arobaini na nne, usiku Nzega anambeba Mtwara, na kwenye makaratasi ya chuo mwenye uhitaji maalumu ni mmoja tu.

Ilivyoisha hiyo habari ya ngazi ndo inaniuma zaidi, maana haikuisha kwa mapambano. Mwaka wa pili mwishoni, Mei 2016, mwendokasi ikaanza, na Mwenyekiti siku moja akapotea mchana mzima simu hapokei. Akarudi jioni mdomo mpaka masikioni, kumbe kaenda Kivukoni peke yake akaangalia feri, kwa sababu vituo vile vina mteremko na sakafu ya kituo ipo sawa na sakafu ya basi, anaingia tu. Mara ya kwanza anafika baharini bila kushikwa na mtu, na ana miaka karibu miwili Dar. Akaniambia, "CR, kumbe inawezekana mtu akanifikiria kabla sijafika." Hiyo ikanikaa kichwani wiki nzima. Ndo nikaenda kwa yule mama anayepanga ratiba, kwa mara ya kwanza toka niwe CR, nikamsalimia nikamwambia tuna mwenzetu wa kiti mwendo. Akavua miwani.

"Kwani mna mlemavu? Sasa mbona hamkusema?"

Akavuta kompyuta, akasema chumba hiki cha chini saa nne wanakaa watu wa kozi fulani wapo arobaini, hao wanaenea juu, nyie njooni hapa. Akakata kule akabandika huku. Vipindi sita vyote. Nilivyotoka ofisini niliangalia saa, dakika kumi hazijafika.

Karibu miaka miwili tumembeba mtu, tumepiga picha, tumebarikiwa na mama wa usafi, na wawili kati ya wale wanne walikuwa wanambeba wakiwa na swaumu, na dawa ilikuwa dakika kumi za mama mmoja mwenye miwani. Nadhani tulipenda kumbeba. Yani mimi nilipenda. Kubeba kunakufanya uonekane, kubadilisha ratiba hakuna picha yake. Na siyo kwa walemavu tu, ukiwa na jicho hilo unaanza kuona ratiba imejaa watu waliosahaulika, testi imewekwa Ijumaa saa saba mchana Waislamu waende wapi, testi ya fidia inawekwa Jumamosi Msabato naye afanyeje, na wote wakilalamika wanaambiwa wasitake kubebwa.

Chuo baadaye kilijenga rampu, nikiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010 ila rampu yetu ilitokea mwaka wa nne, wiki moja kabla mgeni fulani hajaja. Tukaenda kuipima, Mwenyekiti na mi na tepu yetu. Kiwango tulichofundishwa humo humo ndani ya hilo jengo ni 1 kwa 12, kila sentimita moja ya kupanda uende mbele sentimita 12. Baraza lilikuwa juu kwa sentimita 60, kwa hiyo rampu ilitakiwa iwe mita 7.2. Waliyojenga ilikuwa na mita 2. Halafu wakaimalizia na tailizi za kung'aa. Mwenyekiti akaitazama kutoka chini akasema, "Hii siyo rampu, hii Kitonga," ule mlima mkali wa barabara ya Iringa. Alijaribu mara moja, tumesimama nyuma yake tumekinga mikono. Baada ya hapo ikawa parkingi ya bodaboda, na fundi wa fotokopi alikuwa anaisifia kwa kupandishia mashine.

Siku hizi ukianza kuongelea mambo haya mtu anakurushia Marekani. Kwamba Mahakama ya Juu ya kule Juni 2023 ilishafuta habari ya kuangalia rangi kwenye udahili, kesi za Harvard na chuo cha North Carolina, kwamba Trump Januari 2025 kasaini amri za kufuta programu zote za namna hiyo serikalini kwao, sasa nyie mnang'ang'ania nini wakati wenye nayo wameitupa. Aisee. Wao wana utumwa wao na kesi zao na ni juu yao. Zile sentimita nne za mlango wa choo hazikuja na mradi wa mfadhili, fundi wetu alizipima na msimamizi wetu akazisainia.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya simu niliyopigiwa mwezi uliopita. Chuo chetu kinaandaa kikao cha wadau wa ujumuishi, wananialika kama mhitimu, na wanaomba nimlete Mwenyekiti atoe ushuhuda. Ushuhuda, kama mkutano wa injili. Mwenyekiti yupo Tabora siku hizi anachora ramani za nyumba, na milango yake ya choo haipungui sentimita 90 hata mteja akilalamika. Nikamuuliza yule dada wa kwenye simu, mkaribisho mzuri sana, dada mstaarabu, kikao kinafanyikia wapi?

"Ukumbi mdogo, ghorofa ya pili."

"Jengo lile lile? Mmeweka lifti?"

"Bado, ipo kwenye bajeti. Ila usijali dada yangu, tutaandaa vijana wanne wa kumbeba."

Nilirekodi voisi nikamtumia Mwenyekiti, nikamweleza vilevile neno kwa neno. Akakaa kimya kama saa nzima, tiki za bluu zipo. Halafu ikaja voisi ya sekunde tisa, nusu yake ni kicheko.

"Waambie waandae sita. Nimeongezeka kilo kumi na mbili."